Nani Amemwona Kankindi Akila

Katika kilima cha Gashubi watu walijuana kwa kila kitu. Walijua ng'ombe wa nani ana mimba, nani amelala nje ya nyumba yake jana na kwa sababu gani. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Kankindi akitafuna. Mzee wa heshima, kwa watu wa pale, hula ndani, mlango umefungwa, na akitoka huwa amekwisha kufuta midomo. Kunywa ni jambo jingine. Pombe ya ndizi hunywewa uani, mrija ukipita kinywa hadi kinywa, na hakuna anayeona haya. Ila kutafuna mbele za watu ni mambo ya watoto wadogo na mbuzi. Kankindi alilelewa na mama aliyekuwa akifukuza hata kuku kabla hajala, wasije wakamkodolea macho, na yeye akampita mama yake. Watani walisema marehemu mumewe alikufa bila kujua kama mkewe hutafunia upande wa kulia au wa kushoto.

Heshima ni kitu kizuri, nani atabisha? Lakini mlango uliofungwa una tabia yake mbaya: unaficha chungu kilichojaa na chungu kitupu kwa namna ileile.

Kankindi hakuwa fukara. Alikuwa na migomba iliyowafanya wapita njia wapunguze mwendo, alikuwa na gunia la maharage na kuku wa kutaga, na mwanawe Gasigwa, dereva wa pikapu mjini Huye, hakumkosesha sabuni wala sukari. Kilichomwishia ni meno. La mwisho la kutafunia lilimtoka wakati wa kiangazi, likawafuata wenzake, na tangu siku hiyo maharage, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa chakula cha nchi ile, yakawa kokoto mdomoni mwake. Alijaribu kuyameza mazima, tumbo likamtesa, akaacha. Akabaki na kiazi kitamu kilichochemshwa hadi kikalegea, na chai ya rangi yenye sukari nyingi. Kila mchana aliwasha moto ili moshi uonekane, akafunga mlango kwa muda anaohitaji mtu kula akashiba, kisha akatoka akifuta midomo. Hakumwambia mtu. Kusema huna meno ni kuwaalika watu wakuwazie ukitafuna, na hilo hakulitaka kabisa.

Mtu angeuliza, si angeponda maharage yake mwenyewe, huko ndani, nani angemwona? Aliwahi kuchukua mwiko akakusudia. Akaurudisha. Kuponda chakula ni kazi ya anayelea mtoto, na anayeishi peke yake hujitazama mwenyewe.

Jirani yake wa chini, Mukantwari, alikuwa mshauri wa afya wa kijiji, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na mkono mwepesi wa kusaidia. Kila Jumamosi jiko la kijiji lilikuwa uani kwake. Huyu alileta boga, yule dagaa, mwingine mayai au fungu la mchicha, wakapika pamoja na kufundishana. Mwanzoni lilikuwa jiko la kina mama wenye watoto wadogo. Baadaye Mukantwari akaona wazee wa kilima wanapungua mwilini kimyakimya, akasema nao waje.

Aliwaeleza kwamba mwili wa mzee unataka chakula kidogo lakini chenye nguvu: maharage, dagaa, yai, maziwa, na mboga isikosekane. Aliwaambia kwamba nyama ya miguu ikiisha mzee huanguka, na akianguka hainuki kirahisi. Chumvi waipunguze, sukari ya chai wasiihesabu kuwa chakula. Na mzee asile peke yake akiweza, kwa sababu alaye peke yake huacha upesi.

Kankindi hakukosa hata Jumamosi moja, ila alifuata maneno, si chungu. Alikaa kwenye benchi la wazee na fimbo yake magotini, akachokoza. Alisema ameona watu wengi wakifundishwa mambo mengi, lakini kufundishwa kufungua mdomo hajawahi.

"Nimelea watoto mama yako akiwa bado anatambaa," alimwambia Mukantwari, "leo unifundishe kula?"

"Kula unajua, Bibi. Mimi nakufundisha kushiba."

Watu wakacheka, na Kankindi mwenyewe akacheka, mkono umefunika mdomo. Lakini sahani zilipopitishwa, alijibu kama wazee wote walivyojibu: nimekula. Mwisho wa benchi, mbali naye kama inavyowapasa wakwe, mzee Rwabukwisi naye alisema amekula. Huyo alikuwa baba wa mke wa Gasigwa, mjane mrefu asiyevua koti lake la kijivu hata jua likiwaka.

Mukantwari hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Akaanza kuwafungia wazee sahani waende nazo nyumbani, wakale kwa heshima zao. Kankindi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda, akafunga mlango, akanywa mchuzi. Maharage akawamwagia kuku. Majirani walisifu kuku wa Kankindi, jinsi walivyonawiri mwaka ule.

Gasigwa alifika siku ya Ijumaa na pikapu ya tajiri wake. Alimshika mama yake mkono kumsaidia kupanda ngazi ya mlangoni, na mkono wenyewe haukuwa mkono, ulikuwa mfupa ndani ya ngozi. Akaangalia sketi, akaona imefungwa kwa kamba. Akaenda kwenye gunia la maharage. Lilikuwa limejaa karibu na ukingo kama siku ya mavuno, na wadudu wameanza kulifaidi. Gasigwa aliogopa, na kwa kuwa mwanamume huona haya kuogopa, akakasirika.

Alisema kesho wanaondoka wote. Chumba kipo Huye, mkewe atamhudumia, hospitali iko karibu. Migomba ataitunza mkwe, Rwabukwisi; wamekwisha kuzungumza kwa simu na mzee amekubali. Kankindi alisikia neno la migomba likampita kifuani. Ile migomba aliipanda kwa mkono wake, na mumewe amelala kwenye kona yake ya juu.

"Huye nina nini mimi?"

"Huye hutakufa, Mama. Hapa unakufa."

"Kila mtu hufia mahali. Mimi pangu nimeshachagua."

Huye alikuwa amekwenda mara moja tu, mjukuu alipozaliwa. Nyumba ya mwanawe ina meza katikati, na wote huketi kuizunguka wakatafuna huku wanazungumza, televisheni inawaka, dirisha liko wazi, wapangaji wenzao wanapita na kuchungulia. Mke wa Gasigwa alimpakulia akamkalia mbele kumtazama kama anapenda chakula. Kankindi alisema amekula. Alikaa muda wote wa ziara ile kwa chai, akarudi Gashubi akiwa anayumba.

"Unakula?" Gasigwa aliuliza.

"Nakula."

"Nani amekuona?"

Mama yake alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo.

Asubuhi ya Jumamosi Gasigwa alipakia. Alitandika mkeka nyuma ya pikapu, akaweka chungu, blanketi, sanduku la nguo na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Wakati anakaza kamba, Kankindi alichukua fimbo yake akashuka kwenda uani kwa Mukantwari, polepole, bila kugeuka nyuma. Kama ni kuondolewa Gashubi, basi aondolewe watu wakiona.

Jiko lilikuwa limekolea. Kina mama walikuwa wanachambua mchicha, watoto wanagombania kivuli, wazee wako kwenye benchi lao. Kankindi akaketi. Gasigwa akafika nyuma yake na kamba ingali mkononi, akaamkia watu kama kawaida, kisha akamuuliza Mukantwari, mbele ya wote, kama mama yake anakula.

Kankindi alimkazia Mukantwari macho. Uongo mmoja tu, binti, mdogo, wa jirani kwa jirani. Mukantwari akayaona macho yale na akainama kwenye chungu.

"Sahani nampa kila wiki," alisema. "Kama anakula au hali, mlango wake ndio unaojua."

Gasigwa akawageukia watu. Hakuwa na nia ya kumtukana mtu, lakini amekaa sana mjini, na hofu ilikuwa imemwondolea adabu iliyobaki.

"Nani amemwona mama yangu akila?"

Wanawake walitazama mboga zao. Waliomjua Kankindi tangu wanabebwa mgongoni walitafuta kichwani, na hakuna aliyepata kitu: wala kiazi, wala ndizi, wala punje ya mahindi. Swali lenyewe lilikuwa aibu, na jibu lilikuwa baya kuliko swali.

"Kijana," alisema Rwabukwisi kutoka mwisho wa benchi, "hilo haliulizwi."

"Basi nimejibiwa. Mama, twende garini."

Kankindi hakuinuka. Kichwani mwake ilikuwa imekuja ile meza ya Huye, na televisheni, na dirisha. Akajiona ameketi pale, mgeni, anaangaliwa asubuhi, mchana na jioni na watu asiowajua hata majina ya baba zao. Huko hakutakuwa na mlango wa kufunga. Hasira ikampanda, hasira safi, ya kumpa nguvu, na hakujua kama anamkasirikia mwanawe, au mama yake aliyemfundisha kufukuza kuku, au yale meno yaliyomtoroka.

"Gasigwa," alisema, "huko unakonipeleka, nitakula wapi?"

"Mezani. Pamoja na sisi."

"Mkiniangalia."

"Tutakuangalia, ndiyo. Ndiyo maana nakupeleka."

"Basi kama ni lazima niangaliwe nikila, nitaangaliwa kwangu." Akagonga fimbo chini. "Mukantwari, nipakulie. Na maharage uyaponde. Yaponde kama ya mtoto anayeachishwa ziwa, mimi sina meno."

Neno lilikuwa limetoka. Mukantwari alisimama na upawa mkononi, na usoni pake likaonekana jambo lililokuwa likimsumbua kwa muda mrefu na sasa limepata jibu: kuku wale walionona. Aliponda maharage mpaka yakawa laini, akachanganya na mchicha, akatia unga wa dagaa na yai lililopondwa, akampelekea na kijiko.

Kankindi akachota. Na hapo hapo, kama walioambiana, watu wote wakageuka. Kina mama waliangalia ua, wakawageuza watoto kwa kuwashika vichwa. Rwabukwisi alizunguka mwili mzima, koti na vyote, akawa anaangalia ukuta wa zizi. Walifanya kwa heshima. Mzee anataka kula, asitazamwe. Hivyo ndivyo walivyolelewa, na hawakutaka kumwaibisha zaidi.

Kankindi aliweka kijiko mdomoni. Alisikia fizi zake zikifanya kazi katika ule ukimya, na kila sauti ilimuunguza masikio. Akameza. Kisha akainua macho, akaona migongo mitupu. Akaelewa kwamba ameshatoa aibu yake yote nje na bado haijamfaa lolote. Ataimaliza sahani, na Gasigwa atauliza tena, na wataapa kwa haki kabisa kwamba hawakuona.

"Geukeni," alisema.

Hakuna aliyegeuka.

"Nasema geukeni. Mmenificha vya kutosha. Mmenificha mpaka nimebaki mifupa."

Wakageuka mmoja mmoja, shingo nzito. Kankindi akachota tena, kijiko kimejaa, akakipeleka mdomoni taratibu ili wasikose hata kidogo. Uso ulikuwa unamwaka. Tone likaanguka kwenye sketi, akaliacha. Mtoto mmoja, mjukuu wa jirani, akaona mdomo wa bibi unavyokunjuka na kukunjika bila meno, akaangua kicheko, na mama yake akamfinya.

"Mwache," alisema Kankindi, akamfungulia mtoto mdomo wazi aone fizi zote. "Cheka, baba. Na wewe ulianza hivihivi, na utamaliza hivihivi."

Sasa Gasigwa ndiye aliyeshindwa. Huyu anayekula mishikaki barabarani amesimama wima, huyu aliyeuliza swali mbele ya kijiji kizima, hakuweza kumtazama mama yake. Akavua jaketi, akaja akalinyanyua mbele yake kama pazia.

"Mama, inatosha. Watu wanaangalia."

"Ndiyo kazi niliyowapa," Kankindi alisema, akalisukuma jaketi kwa fimbo. "Na wewe uliyeuliza, angalia wa kwanza."

Akaendelea. Na katikati ya sahani jambo likatokea ambalo hakulitazamia: chakula kikamkolea. Alisikia dagaa, na mafuta, na ule utamu wa maharage mapya alioukosa tangu kiangazi, na mwili wake wote ukakumbuka kwamba una njaa. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta, mkono mmoja ukiwa na sahani na mwingine na kijiko, na kazi hiyo ilikuwa muhimu zaidi. Alikwangua mpaka mwisho, akanyoosha sahani kwa Mukantwari iongezwe. Kuomba cha pili mbele ya wakwe. Mama yake angezimia.

Mbele ya wakwe, ndiyo, ila mkwe mwenyewe alikuwa bado anaangalia zizi.

"Mkwe," Kankindi aliita. "Wewe bado."

"Siwezi, mkwe wangu. Usinitie katika hayo."

"Hilo koti zamani ulilivaa wewe. Siku hizi linatembea lenyewe." Wanawake wakakohoa ili wasicheke. "Nikuulize, na uniambie kweli, maana nimeshamaliza haya zangu zote leo. Una meno mangapi?"

Mabega ya Rwabukwisi yalipanda na kushuka ndani ya koti. Kisha akageuka, polepole, akamtazama Kankindi usoni na sahani yake ya pili, jambo ambalo mkwe wa kilima kile hajawahi kulifanya.

"Mawili," alisema. "Nayo hayaelewani. Moja liko juu kulia, jingine chini kushoto."

Kicheko kilichotokea pale hakikuwa cha dhihaka. Kilikuwa cha watu waliobana pumzi kupita kiasi. Mukantwari hakungoja aombwe. Alikuwa ameshachukua sahani nyingine na anaponda kwa nguvu. "Mficha uchi hazai," alisema kwa ile sauti yake, bila kumtazama mtu, akamwekea mzee kijiko mkononi. Bibi mwingine kwenye benchi akasema ya kwake yapondwe vizuri, lakini chumvi asibaniwe sana. Mukantwari akamwambia chumvi atabaniwa.

Gasigwa alikuwa amekaa chini, kwenye gogo, jaketi magotini. Alisema sahani mbili hazimnenepeshi mtu. Alisema mama yake amekula kwa hasira tu, na hasira ikiisha atarudi kwenye kiazi chake.

"Sawa," Kankindi alisema. "Jumamosi ijayo nitakula kwa hasira tena. Na siku zilizo katikati mlango wangu utakuwa wazi nikila, atakayepita apite, atakayechungulia achungulie. Akitaka aingie ale na mimi, maharage ninayo gunia zima. Mniue kwa macho. Lakini kwenye migomba yangu sitoki."

Mukantwari akasema yeye atapita. Jirani mwingine akasema njia yake ya kisimani iko hapo hapo. Gasigwa alimtazama mama yake. Mdomoni mwake kulikuwa na mchicha uliomganda pembeni, na hakuufuta, alimwacha mwanawe auone. Alikuwa hajamwona mama yake hivyo tangu azaliwe, na akatambua kwamba hofu aliyokuja nayo jana imepungua kidogo. Haikuisha. Imepungua.

Akasimama. Safari hii aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Nani amemwona mama yangu akila?"

Mikono ikainuka. Kina mama waliinua yenye maji ya mboga, watoto wakainua yote miwili, na yule aliyefinywa akaruka kabisa. Wa mwisho alikuwa Rwabukwisi. Alijua vizuri kwamba migomba ile, ambayo alikuwa ameshaanza kuiona kwenye ndoto zake, inaondoka na mkono huo. Aliuinua hata hivyo, na ulikuwa na kijiko.

Kankindi aliwahesabu kwa macho, akaridhika, akarudi kwenye sahani.

"Basi kateremshe mzigo wangu," alimwambia mwanawe, mdomo umejaa. "Uanze na kuku, miguu itakuwa imemuuma."